Jembe la Siku ya Tatu

Anayetaka kubisha na aje kwangu. Nitampa kiti, nitampa chai, kisha nitamzungusha nyuma ya nyumba nimwonyeshe kaburi lililopo pale, aniambie yeye limetoka wapi. Mimi si mtu wa ngano. Nauza mitumba sokoni Sumbawanga, mume wangu ni katekista wa kigango, na kabla ya mwaka juzi ukinisimulia habari za mizimu nilikuwa nakuuliza kwanza kama umekula. Haya niliyaona kwa macho yangu. Mume wangu aliyaona, na balozi wetu wa nyumba kumi aliyaona, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelewa.

Na tuelewane mapema. Ninyi wa Dar mkisikia mtu ametoka Sumbawanga mnavuta watoto wenu karibu, mnasema kwetu ni kwa wachawi. Sawa, chekeni. Lakini huyu ninayemsimulia nilimpata kwenu, kwenye stendi yenu, mchana wa jua kali.

Binti yangu Adela alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Dar, nami nikaamua kwenda kumwona mjukuu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Basi kila mtu akageuka mwalimu. Begi beba mbele. Simu usiitoe barabarani. Soda ya mtu usinywe, hata akiwa amevaa rozari. Jirani yangu mmoja aliyewahi kuishi huko akanivuta pembeni akaniambia, "Na usisalimie watu hovyo, Mama Adela. Mjini ukimsalimia mtu umemfungulia mlango."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mfipa asisalimie! Kwetu ukimpita mtu mzima bila kusimama, ukainama kidogo na kupiga yale makofi ya taratibu ya heshima, watu watauliza umelelewa na nani. Mengine yote niliyashika. Hilo nililiacha hapo hapo mlangoni kwa jirani.

Gari liliharibika njiani, tukalala huko, tukaingia Dar kesho yake mchana. Joto lile, niamini, mtu wa Ufipa analivaa kama nguo iliyolowa. Nikampigia Adela. Kelele za stendi zilikuwa nyingi, nami nikapaza sauti kama naita ng'ombe: "Adela! Adela mwanangu, nimefika! Njoo na mtoto nimwone! Nina kapu la ulezi, nimevaa kitenge cha kijani!" Stendi nzima ikajua mimi ni nani na namsubiri nani. Kisha simu ikazima chaji.

Nikaketi kwenye benchi. Upande wa pili aliketi mzee mmoja amevaa koti.

Si koti la suti. Koti zito la sufu, kama yetu ya mwezi wa saba, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kwenye kiwiko limetiwa kiraka cha mfuko wa unga. Mimi jasho linanitiririka mgongoni, yeye hana hata tone. Nikasema moyoni, huyu ana homa, maskini. Mara akanigeukia, akainama, akapiga makofi taratibu, salamu yetu ya nyumbani. Nilitaka kulia kwa furaha. Siku mbili njiani, katika mji ule wa watu wasioangaliana usoni, nakutana na mtu wetu!

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umetoka nyumbani?"

Alisema "nyumbani" kana kwamba duniani iko nyumba moja tu. Nikamwambia natoka Sumbawanga. Yeye akajigusa kifua, akasema, "Kate," kijiji cha huko huko kwetu Ufipa. Akaniuliza kama ulezi umekubali mwaka ule.

Hata sijamjibu vizuri, akaja kijana. Nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na shikamoo yake ya adabu kabisa. "Mama, wewe ndiye mama yake Adela? Kanituma. Yuko nje kwenye gari, mtoto analia, hawezi kushuka. Lete hilo kapu nikusaidie." Sasa niambie, wewe ungekataa? Jina analo. Habari za mtoto anazo. Nilikwisha simama, kapu liko mkononi mwake.

Yule mzee, bila kuinua macho, akaniambia kwa Kifipa, polepole, "Muulize nyumbani mnamwitaje."

Nyumbani Adela tunamwita Bibi, kwa sababu amerithi jina la mama mkwe wangu. Anayetujua anajua. Nikamuuliza kijana. Akacheka. "Mama bwana, tunachelewa." Nikamuuliza tena, safari hii kwa sauti ya sokoni. Akaliweka kapu chini, akaingia katikati ya watu, akapotea.

Nikaketi tena. "Baba, umeniokoa."

"Mimi mwenzio nilikwenda naye," akasema.

"Wakakuibia?"

"Kila kitu."

Nilidhani anazungumzia pesa na begi. Ungedhani nini kingine?

Adela alipotokea kwa mbali, nikainuka kumuaga mzee. Nikamwambia yale ambayo kila mtu wa kwetu angesema: baba, ukirudi nyumbani, kutoka Kate mpaka kwetu si mbali, karibu. Upande wa barabara ya Mpui, nyumba ya bati la bluu, uliza mke wa katekista anayeuza mitumba. Unajua tunavyolitumia neno karibu. Tunamwambia mpita njia tukiwa tunakula, huku tunaomba awe ameshiba. Lakini yeye aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni.

"Unanikaribisha?"

"Nakukaribisha, baba."

"Kwa mdomo au kwa moyo?"

"Kwa moyo," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Adela akanivuta mkono. "Mama, twende. Na hilo koti liache hapo hapo, litakuletea kesi." Nilimgombeza njia nzima kwa kumwita mzee wa watu koti. Yeye ananiuliza, "Mzee gani, mama?" Nikaona ndiyo jeuri za mjini hizo, mtoto ameshaharibika.

Nilikaa nao, nikambeba mjukuu mpaka mikono ikauma, nikarudi. Mwezi wa saba ukanikuta nyumbani.

Kama hujawahi kuishi Ufipa mwezi wa saba, sijui nikueleze vipi. Upepo unashuka toka milimani unaingia hadi kwenye sufuria. Asubuhi ukizungumza, maneno yanatoka na moshi. Ardhi inakauka ikawa kama sakafu, jembe linadunda, na hakuna mwenye akili anayelima.

Siku moja nimetoka sokoni jua linazama, nimebeba robota langu la nguo kichwani, nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya jiko. Koti lile lile. Akainama, akapiga makofi.

"Nimekuja," akasema.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilimwita mume wangu, nikamwambia huyu ndiye yule mzee aliyeniokoa stendi. Baba Adela ni mtu wa utani na ukarimu, hawezi kuona mgeni akatulia. Akamshika mikono yote miwili, akamwingiza ndani, akamweka karibu na jiko la mkaa. Nikapika ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Mgeni akanawa, akamega tonge, akaligeuza mkononi kwa muda mrefu kana kwamba analikumbuka, akalirudisha kwenye sahani. "Asante mwanangu. Nimeona." Hakusema nimeshiba. Asubuhi nilipowamwagia kuku ugali ule, walizunguka wakaenda zao.

Usiku ule Baba Adela alimpa blanketi lake mwenyewe, lile zito. "Mzee, chukua hili, mimi nina mke wa kunipa joto." Akacheka peke yake. Mgeni alilipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi nilifagia sebuleni nikakuta mchanga kandokando ya mkeka aliolalia. Mweupe, laini. Kwetu hakuna mchanga wa namna ile. Mchanga ule nilikuwa nimeukanyaga mwezi mmoja tu nyuma, uani kwa Adela. Nikasema labda umetoka kwenye viatu. Asubuhi ya pili ulikuwa umejaa beleshi, na viatu vyake vilikuwa nje.

Na Baba Adela alikuwa ameinamia jiko, masweta mawili, meno yanagongana. Zahanati walimpima, hawakuona malaria wala chochote. Nikamrudishia blanketi lake. Akajifunika, akazidi kutetemeka. Wakati huo huo mgeni wetu, nilipompelekea chai asiyokunywa, nikaona kitu ambacho sikukiona hata kwenye joto la Dar. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso.

Hapo nikaiweka chai chini. Nikafanya ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, maana kwetu mgeni akilala lazima balozi ajue. Balozi wetu ni mzee, dereva mstaafu wa malori, hana maneno mengi. Alikuja asubuhi ile ile, wakaketi na mgeni nje, kwenye baridi.

"Mzee mwenzangu, unaitwa nani?"

"Jina lilikuwa kwenye begi," mgeni akasema. "Waliondoka nalo."

"Ndugu zako Kate ni akina nani?"

"Wanajua niliondoka. Sikuwaambia nakwenda kwa nani. Niliwaambia nitauliza nikifika."

Balozi alikunywa chai yake yote, akaaga kwa adabu. Nilimsindikiza mpaka njiani. Pale akanishika kiwiko, na balozi si mtu wa kushika watu viwiko. "Mama Adela, mimi nikisema neno moja mdomo unatoa moshi. Wewe hivyo hivyo. Yule amezungumza nami muda wote ule, na sijaona hata uzi." Akavaa kofia. "Mtoe kwa heshima. Lakini mtoe."

Kumtoa vipi? Umfukuze mtu aliyekuokoa, uliyemkaribisha kwa moyo? Sikulala. Siku ya tatu Baba Adela hakuweza kuinuka kitandani. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Niliweka sikio langu karibu, nikamsikia ananong'ona, na ndani ya kunong'ona huko utani bado upo: "Mama Adela. Mgeni siku mbili."

Umaliziaji wake unaujua. Siku ya tatu mpe jembe. Na kumpa mtu jembe mwezi wa saba, wakati hakuna pa kulima, ni kumwambia safari njema bila kufungua mdomo. Mtu mwenye haya anaelewa, anaaga. Nikaenda nyuma ya mlango nikachukua jembe, nikampelekea kwa mikono miwili, nimepiga goti ili lisiwe tusi.

Akalitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatabasamu. "Nilidhani hutanipa," akasema.

Akazunguka nyuma, kwenye kishamba chetu, akaanza.

Nilimtazama nimejificha kwenye mlango wa jiko. Jembe lilikuwa halitoi sauti. Ardhi ambayo mimi mwenyewe singeweza kuitoboa kwa sululu ilikuwa inainuka kama unga. Mwanzoni nikajifariji, nikasema anapiga matuta yetu yale ya kufukia majani. Lakini tuta linapanda juu. Yeye alikuwa anashuka. Akafika magotini. Akafika kiunoni. Na urefu wa lile shimo ulikuwa urefu wa mtu mzima aliyelala.

Nilikimbia kwa balozi bila kuvaa viatu. Alipofika na kuona, alivua kofia. "Kaburi halilali wazi," akasema. Hakuna asiyelijua hilo kwetu. Kaburi likichimbwa na jua likazama halijapata mtu, linajichagulia lenyewe. Nikarudi ndani mbio. Baba Adela alikuwa ameacha kutetemeka. Niliposhika mguu wake, nilishika jiwe la mtoni.

Nikwambie ukweli, hofu yote iliniisha nikashikwa na hasira. Nilikwenda mpaka ukingoni mwa lile shimo. Yeye alikuwa chini kabisa, ameegemea mpini.

"Baba!" nikamfokea. "Nilikukaribisha kwa moyo! Nimekupa chakula, nimekupa blanketi la mume wangu. Mume wangu sikukupa!"

Akaniangalia toka kule chini. Alikuwa na huruma usoni, na mpaka leo hiyo ndiyo inanitesa kuliko kitu kingine chochote. "Simtaki, mwanangu. Ni baridi tu, nashika palipo na joto. Kule walinizika watu wa mshahara. Hakuna aliyejua anizike kama nani. Hakuna aliyepiga makofi." Akaliweka jembe ukingoni, taratibu. "Niageni tu. Nami nitalala."

Balozi hakungoja. Aliingia ndani akambeba Baba Adela mgongoni kama gunia, akamketisha ukingoni, akamshikilia asidondoke. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kugusa mlima. Tukapiga magoti. Tukapiga makofi, taratibu, kama anavyoagwa mtu mzima wa kwetu mwenye watu wake. Baba Adela viganja vyake vilikuwa havitoi sauti, lakini alivikutanisha. Akajaribu sala ya marehemu, alipofika mahali pa kutaja jina akakwama. Nikasema mimi, "Baba yetu wa Kate." Akasema hivyo.

Tulipoinua vichwa, shimoni kulikuwa na koti tu. Limelazwa vizuri, mikono imekunjwa kifuani, limejaa mchanga mweupe mpaka shingoni.

Tulifukia kwa jembe, kwa mikono, kwa karai la kuoshea vyombo. Balozi alikwenda ndani akaleta na blanketi, akalitupa humo. Jua lilizama tukiwa tunapiga udongo wa juu. Usiku Baba Adela akaomba uji, na kabla hajaumaliza jasho likamtoka. Nililia kwa sauti, majirani wakadhani amekufa.

Alipona, lakini si kabisa. Mkono wa kulia, ule aliotolea blanketi, haujapata joto tena. Jumapili watu wakipeana amani kanisani, wageni humshika wakashtuka, wakautazama mkono wake. Wenyeji wanamshika wa kushoto.

Tulipeleka tangazo Kate, likasomwa baada ya misa: mwenye mzee aliyepotelea mjini, koti la sufu, kiraka cha mfuko wa unga kwenye kiwiko. Nilitegemea ije familia moja. Zikaja tatu. Kila moja ilikuwa na mzee wake aliyepanda basi akasema nitauliza nikifika. Kila moja iliapa kwamba kiraka kile walikishona wao. Ningefanya nini? Niliwapikia wote. Walilia wote juu ya kaburi moja, kila mmoja na jina lake, na mimi sikumkatalia mtu.

Nilidhani yameisha. Mwaka huu Adela amejifungua tena, nikaenda. Safari hii balozi aliandikiwa nakwenda mtaa gani, kwa nani, narudi lini. Namba za Adela nilizishona kwenye pindo la gauni. Simu nilikuwa na chaji ya akiba, na nilimpigia Adela kwa kunong'ona kama mwizi. Nikateremka stendi ile ile, mchana, joto lile lile.

Benchi lilikuwa limejaa.

Mama mmoja na kapu, amejifunga shali zito. Kijana mwenye sweta la shule. Wazee wawili, makoti mpaka shingoni. Wengine wamesimama nyuma, kwa kukosa nafasi. Jua linawaka, na hakuna hata mmoja mwenye jasho. Nilipokaribia waliinua vichwa wote pamoja, wakainama, wakaanza kupiga makofi, taratibu.

Nikawapita. Mimi, Mfipa, mtoto wa watu, nimewapita watu wazima wananisalimia nikaangalia chini. Hawakunifuata, maana hakuna aliyewakaribisha. Lakini nyuma yangu nilimsikia yule mama akiwaambia wenzake kwa Kifipa, "Ndiye huyu. Yule wa bati la bluu."

Kwa hiyo wewe unayekwenda mji wa watu, nisikilize. Waache wa nyumbani wakijua unakwenda kwa nani. Jina lako usiliweke begini peke yake. Anayekuja na jina la mwanao, muulize mnamwitaje nyumbani, na akicheka, kaa chini. Na ukimwona wa kwetu kwenye jua amevaa koti, mwombee, lakini kabla hujasema karibu, kwanza tazama una nini cha kumpa. Mimi ningewakaribisha wote, Mungu anajua, kila siku nayasikia makofi yao. Lakini shamba langu ni nusu eka, na mume wangu amebakiwa na mkono mmoja tu wenye joto.